Tunauziwa pambano hili, tunaletewa lile: ngumi za kulipwa Arusha zinatia hasira

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa utabiri wa mapambano. Hapa sitabiri kitu. Nimekasirika na nataka hili lisomwe lilivyo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ngumi hapa Chuga. Mabango yalibandikwa kuanzia Kilombero hadi Sakina, gari la matangazo lilizunguka Ngarenaro na Unga Limited mchana kutwa: pambano kuu raundi kumi, chalii wetu wa nyumbani dhidi ya bondia kutoka nje ya nchi. Picha yake ipo, rekodi yake imeandikwa kwa herufi kubwa. Watu walinunua tiketi kwa ajili ya jina lile. Kuna jamaa walipanda Coaster kutoka Moshi, wengine wametoka Karatu wakalala gesti, kwa sababu huku kaskazini ngumi za maana zinakuja kwa nadra na mpenzi wa ngumi akisikia raundi kumi anajipanga mapema.

Mlango ulifunguliwa saa 12 jioni. Pambano kuu lilipanda ulingoni saa saba na ushee usiku. Hilo la kuchelewa tumeshalizoea, nalipita. Aliyetokea kona ya bluu hakuwa yule wa kwenye bango. MC alitaja jina jingine harakaharaka, muziki ukaongezwa, basi. Hakuna aliyetuambia mgeni amekwama wapi. Hakuna aliyesema asiyeridhika aende mlangoni akachukue hela yake. Na kijana aliyeletwa, kila mwenye macho aliona hana uzito wa mwenzake. Alikwenda chini watu hawajamaliza hata kukaa, akahesabiwa, akainuka, refa akamruhusu aendelee, akala ndoano ya kushoto juu ya sikio akaanguka kifudifudi.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Chini pale mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka wenyewe, na watu wa kona yake ndio walioanza kumpepea na taulo huku wanamwita daktari. Daktari alikuja, lakini alitoka nyuma kabisa ya viti vya VIP. Gari la wagonjwa sikuliona nilipoingia wala nilipotoka.

Nilipofika nyumbani nikatafuta jina la yule kijana BoxRec, tovuti inayoweka rekodi za mabondia. Amepoteza mapambano mengi kuliko aliyoshinda, na hilo silihesabu kuwa kosa, bondia ana haki ya kutafuta riziki hata kama hajabarikiwa. Kilichonitoa usingizini ni mstari wa mwisho wa rekodi yake. Pambano lake lililopita alipigwa KO, yaani aliangushwa akashindwa kuendelea, katika mkoa mwingine, wiki chache tu kabla ya kuletwa kwetu.

Wakuu, tuelewane vizuri hapa, maana naona wengi wanachukulia KO kama goli. Ubongo una nafasi ndogo ndani ya fuvu. Konde zito likitua, unasukumwa na kugonga upande wa pili, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake na utando unaoufunika inaweza kuchanika. Damu inaanza kuvuja taratibu. Bondia anaweza kutembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo, akaongea, akaomba maji, halafu baadaye akaanza kulalamika kichwa, akatapika, akazimika. Hapo kinachotakiwa ni hospitali yenye uwezo wa kufungua fuvu na kuitoa damu hiyo, na kila dakika ina thamani. Ndiyo maana kamisheni nyingi zinazosimamia ngumi duniani zinampumzisha kwa lazima bondia aliyepigwa KO, siku 60, siku 90, wakati mwingine zaidi, na harudi ulingoni mpaka daktari aridhike. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata kwa konde la kawaida, unaweza kuvimba ghafla na mtu akafa.

Na hili kwetu si la kusikia kwenye redio za nje. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alipigwa KO Dar es Salaam na akafariki. Nchi nzima ilisikitika, kila mtu akaandika pumzika kwa amani, watu wakasema usalama wa mabondia uangaliwe upya. Sasa uangalizi huo ukifika Arusha unapitia wapi? Nani alitazama rekodi ya huyu kijana wa Jumamosi kabla hajavishwa glovu? Kupima uzito kulifanyika wapi, mbele ya nani? Mimi nafuatilia ngumi za mkoa huu kila siku na sikuona picha moja ya mzani.

Kuhusu uzito niseme zaidi, kwa sababu kuna watu hapa kijiweni wananiambia kilo tano sita ni kitu kidogo. Septemba 2025 sote tuliamka Jumapili asubuhi kumwangalia Mmarekani Terence Crawford akizichapa na Mmexico Canelo Alvarez kule Las Vegas. Crawford alipanda madaraja mawili ya uzito, kutoka kilo 69.8 hadi 76.2. Ni kilo sita na kitu. Kabla ya pambano dunia nzima ya masumbwi haikuongelea kitu kingine: ataweza, hataweza, mwili utabeba, hautabeba. Yule ni miongoni mwa mafundi wakubwa kuliko wote wa kizazi hiki, na tangu pambano lake na Madrimov Agosti 2024 alijipa zaidi ya mwaka kujenga mwili. Akashinda kwa pointi, 116-112, 115-113, 115-113, na bado wataalamu walilichukulia kuwa jambo la hatari. Sisi tunamchukua kijana aliyepigiwa simu juzi, hajala vizuri, hana kambi, tunampandisha na mtu anayemzidi kilo na kimo, halafu tunaliita pambano kuu la raundi kumi.

Nani anafaidika? Nimelifikiria sana hili. Promota anafaidika, maana bondia wa nje ana gharama: nauli, hoteli, malipo yake, kocha wake. Wa kuziba pengo anakuja kwa hela ya nauli na ya kula. Tofauti inabaki mfukoni mwa mtu. Menejimenti ya bondia wa nyumbani nayo inaona inafaidika, rekodi inanenepa, ushindi mwingine, KO nyingine, video ya sekunde ishirini ya kurusha mtandaoni. Ila bondia mwenyewe ndiye anayeibiwa kuliko hata sisi wa tiketi. Chalii wetu ana kipaji, simfichi. Ana jabu nzuri, ile ngumi ya mbele ya kunyoosha, ana miguu. Lakini mpaka leo hajawahi kwenda raundi ya saba na mtu anayemrudishia ngumi. Hajui mwili wake unafanya nini pumzi ikikata. Hajui atafanya nini akichanika juu ya jicho. Siku atakayoitwa Ulaya au Afrika Kusini atakwenda na rekodi safi, atakutana na mtu aliyepikwa, na tutabaki humu tunabishana kama alikula chakula kibaya au viatu vilimbana.

Nimeona watu wameanza kujibu kuwa hata bondia wetu Hassan Mwakinyo alikuwa mtu wa kuletwa, aliyeitwa ili apigwe na mwenyeji. Ni kweli, na nashukuru mmemtaja. Tarehe 8 Septemba 2018 kule Birmingham aliitwa kupigana na Sam Eggington, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, na hakuna Mwingereza aliyempa nafasi. Alimmaliza raundi ya pili. Lakini tazameni tofauti. Mwakinyo alikuwa bondia wa uzito huo, mwenye afya, ameandaliwa Tanga miaka mingi, na alikubaliwa na bodi ya ngumi ya Uingereza inayomtaka bondia afanye vipimo vya kichwa na damu kabla ya kukanyaga ulingo. Kudharauliwa ni jambo moja. Kupandishwa ukiwa mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Msiyachanganye haya mawili ili kumtetea promota.

Mwingine kaniandikia inbox kuwa hata wazungu wanapambanisha watu wasiolingana, akanitajia Anthony Joshua, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, na Jake Paul, mtu wa YouTube aliyeingia ngumi, Desemba 2025 kule Miami. Sikulipenda lile pambano na nililisema humu humu. Paul alipigwa KO raundi ya sita akavunjwa taya. Lakini Paul alilitaka mwenyewe, aliondoka na utajiri, na usiku ule ule alikuwa hospitali. Na mtu aliyenunua lile pambano alijua anamwona Joshua na Paul, na akawaona Joshua na Paul. Mimi Jumamosi nililipia jina ambalo halikuwepo.

Kinachouma zaidi ni kwamba mkoa huu una kila kitu. Tupo kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, hewa ambayo wanariadha wanaifuata kutoka mbali. Mwanariadha Alphonce Simbu anajifua huku, na Septemba 2025 akaleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano yale. Pumzi ipo. Vijana wapo. Nendeni Unga Limited jioni, nendeni Majengo ya Moshi, Pasua, mtakuta machalii wanapiga begi lililojazwa vitambaa, glovu jozi mbili wanabadilishana watu kumi, kocha anafundisha bure baada ya kushuka kwenye kibarua chake. Wale makocha ndio ninaowapigania hapa. Kila mara pambano la kihuni kama hili likifanyika, mzazi mmoja wa Ngarenaro anamkataza mwanawe kwenda gym, na mwenye duka aliyekuwa anafikiria kudhamini anafunga pochi. Halafu kijana mwenye kipaji anaona bora ahamie Dar, akalale kwa ndugu, apate mapambano. Tunawapoteza hivyo mmoja mmoja.

Na msiniambie mashabiki wa bara hatuna hela au hatujui ngumi. Morogoro si jiji kubwa, lakini imetoa Francis Cheka, imetoa Twaha Kiduku, imetupa na Mandonga. Cheka na Mada Maugo walikuwa wanajaza kumbi kwa sababu kila mmoja alikuwa anamtaka mwenzake kwelikweli. Kiduku na Dulla Mbabe, nchi iligawanyika pande mbili. Mandonga mnayemwona wa maneno tu, Januari 2023 alikwenda Nairobi akampiga Mkenya Daniel Wanyonyi nyumbani kwake. Yale yalikuwa mapambano, ungeweza kukaa mbele ya TV usijue nani atanyanyuliwa mkono. Watu wa Arusha watalipa kwa kitu hicho. Wawekeeni bondia wa hapa na bondia wa Moshi wa uzito mmoja, rekodi zinazofanana, raundi nane, muone kama uwanja wa Sheikh Amri Abeid hautajaa. Hata ndege ya kumleta mgeni haitahitajika.

Madai yangu ni haya, na nayaandika ili kamisheni ya ngumi za kulipwa ikipita humu iyakute. Bondia akibadilishwa, itangazwe kabla tiketi haijauzwa mlangoni, na aliyenunua mapema arudishiwe hela bila kubembeleza. Uzito upimwe hadharani siku moja kabla, tuwaone wote wawili juu ya mzani. Aliyepigwa KO asipande ulingo wa mkoa wowote mpaka muda wake upite, na jina lake lijulikane kwa kila anayeandaa ngumi Tanzania, ili asifungiwe Mwanza akapigania Arusha. Daktari akae pembeni ya ulingo, si kwenye viti vya wageni. Na gari la wagonjwa likiwa halipo, kengele isigongwe. Kama kichwa kinavuja damu saa saba usiku na ikabidi mtu apelekwe hospitali ya KCMC, kutoka hapa mpaka Moshi ni kilomita kama 80, na huwezi kumpakia bondia aliyezimika kwenye bodaboda ya Mianzini.

Mliokuwepo Jumamosi, wekeni humu mlichokiona, hasa mliokaa upande wa kona ya bluu. Mwenye picha ya tiketi aiweke, mwenye picha ya bango aiweke pia, ili jina lililoandikwa lionekane. Kama yupo hata mmoja aliyerudishiwa hela yake, aseme, nitaandika hapa juu kabisa kwamba amerudishiwa.

Na wewe promota, najua unasoma, maana watu wako wameshaanza kunitumia ujumbe wa kunitaka niufute uzi. Siufuti. Jibu swali moja tu hapa chini mbele ya watu wote: yule kijana tangu Jumamosi amepigwa picha ya kichwa, na nani ameilipia?