Naomba ushauri: chipsi zangu zinalegea haraka

Habari zenu wapendwa. Chipsi zangu zinatoka kwenye mafuta zikiwa kavu vizuri, lakini baada ya dakika 5 tu zimelegea. Viazi naviloweka kwenye maji baridi dakika 30 kupunguza wanga, navikausha kwa kitambaa, kisha nakaanga mara moja kwa moto mkali. Wanaokaanga mara mbili, kwanza moto wa wastani halafu mkali, mnaziacha zipoe kwa muda gani katikati?

Na sosi ya kitunguu saumu jamani! Natwanga kibichi, nachanganya na mayonezi na ndimu, ila ukali wake unabaki mdomoni hadi kesho yake. Watoto wameikataa, na mimi naipenda mno. Mnakichoma kwanza? Nisaidieni tafadhali.