Mjadala: aplikasio yetu ya kuazimana bitabu, hii sura mpya inatengenezwa juu ya nani?

Bandugu ba Lubumbashi, ile aplikasio ya kuazimana bitabu (unaweka kitabu yako, mwenzako anaiona, munapatana, anasoma, anarudisha) benye kuitengeneza banataka kubadilisha yote. Balituma mapicha ya ile mpya, banaomba mawazo mbele ya kumaliza. Kila mwenye kitabu nyumba yake itaonekana pa ramani, listi ya majina ya bitabu inatoka, mapicha ya majalada yanaingia, na kuandika jina ya kitabu na mukono hakutakuwa tena, ni kuskani tu ile kodi ya mistari ya nyuma. Kwa macho ni muzuri, sikatai. Lakini mie ninapinga.

Ramani kwanza. Mu komini ya Katuba ao komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, nani anafika kwa mutu na ramani? Unamuambia arê ya bus, avenyu, numero, na "ukifika uliza mama mwenye kuuza makala ya kupikia". Tena mwanamuke mwenye kuazimisha bitabu, munaweka alama kabisa juu ya nyumba yake, kila mwenye kufungua aplikasio anajua pa analala! Muweke listi ya maarê, masoko na maparokia, mutu achague pa kukutana, basi. Hata mega za internet haili.

Kuskani nayo: niko na kitabu ya jografia hapa, jalada ya nyuma ilitoka zamani, balishona na uzi mweusi, sasa hiyo kodi nitaiskani wapi? Namba ya ISBN yenyewe, ile ya kutambulisha kitabu yenye iko ndani ya hiyo kodi, ilianza miaka ya 1970, bitabu bya bapapa betu bya mbele ya pale habina. Kuskani ikuwe ya kusaidia, isikuwe mulango wa lazima. Mapicha ya majalada nayo sitaki, listi ya majina ibaki. Luga, Kifaransa kibaki na baongeze Kiswahili, pale sioni ugomvi.

Mwalimu wa Ruashi: Kwa mapicha sikufwati, ndugu. Mutoto wa shule ya musingi umuonyeshe listi ya majina mirefu vile, anaacha telefone anaenda kucheza mupira. Umuonyeshe jalada yenye simba, anauliza "hii iko kwa nani?" Shida haiko picha, shida ni kutuma picha nzito mu kioo kadogo. Bapunguze ukubwa, kuko namna ya kuweka picha, WebP ya Google ya tangu 2010, inakuwa nyepesi kuliko JPEG ya kawaida. Na mwenye hataki apate buto ya kuzima mapicha.

Yaya wa Kampemba: Ramani hapana, hapana, hapana. Hata numero ya telefone bafiche. Tangu niweke yangu banaume banapiga usiku, hata kitabu moja hawaombi, "habari yako mrembo", kitabu gani hiyo? Ujumbe upitie ndani ya aplikasio, numero nitoe mie mwenyewe nikitaka.

Kijana wa Kamalondo: Munapenda kubaki nyuma. Dunia yote inatumia ramani, siye tunabakia na "uliza mama wa makala". Mutu asipojua kuisoma ajifunze.

Mwanafunzi wa UNILU (Univerisite ya Lubumbashi): Munabishana ramani na picha, lakini mwenye kurudisha kitabu munamusahau. Buto ya "nimerudisha" iko wapi? Menyu, kisha jina yako, kisha historia, kisha unashuka mpaka chini kabisa. Mie nilirudisha kitabu, mwenyewe anaisoma kwake, lakini aplikasio inaonyesha ingali kwangu, na hakuna mwenye ananiazimisha tena, bananiona mwizi. BookCrossing, ile saiti ya Marekani ya 2001 ya kupitishana bitabu, kila kitabu balikipatia namba yake, inaandikwa ndani. Siye tufanye vile na kalamu ya biki tu: unarudisha, unaandika namba, imekwisha. Hata kitabu yenye jalada ilikatika inapita.

Mwenye kufungua mjadala: Hiyo namba ya biki ninaikubali kabisa, inamaliza na shida yangu ya kuskani. Mwalimu, mapicha bayaweke, ila buto ya kuyazima ionekane. Kwa ramani sibadilishi. Kijana wa Kamalondo, hakuna mwenye anashindwa kuisoma, sikia vile Yaya anasema.

Sasa benye kutengeneza: mulijaribisha na nani? Jakob Nielsen, mufundi wa kujaribisha masaiti na bantu, aliandika mu 2000 kama bantu batano banatosha kuonyesha sehemu kubwa ya mashida. Basi mukamate bantu batano, asikuwe hata moja wa ofisi yenu. Mama mumoja wa soko ya Kenya, mutoto wa shule, mwalimu, muzee mwenye miwani, mwanafunzi. Batumie telefone yabo benyewe, ile yenye kioo ya kupasuka na mega ya kuhesabu, hapana zenu. Mubaambie "rudisha hii kitabu", kisha munyamaze, musionyeshe na kidole, muangalie tu pa banakwama. Kama batatu hawapati buto, hata mukipaka rangi gani, mutoe ile menyu mwanzo, na "nimerudisha" ikae ukurasa wa kwanza, pembeni ya kitabu yenyewe.