Uzi unakatika nikifunga nzi wa kuvulia samaki, na oda ninayo. Nisaidieni wakuu

Kulabu16
Wakuu, heshima kwenu. Niko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Nafunga nzi bandia, wale wa kuvulia samaki ambao soko lake liko ng'ambo. Shida yangu ni uzi. Naanza vizuri, naviringa kwenye ndoana, nikifika kichwani unakatika na kazi yote inafumuka. Usipokatika, mkia wa unyoya unahama: niliuweka juu, naukuta ubavuni. Tarehe ya oda inakaribia na silali. Nielekezeni tu namna ya kushika uzi, mengine nitajipanga.

Fundi Cherehani
Pole sana. Mimi nashona sare za shule na nakwambia, uzi uliokaa dirishani unapigwa na jua umeshakufa hata kama rangi bado inang'aa. Nilinunua katoni nzima kwa bei ya kutupa, kumbe duka lile lilikuwa linaipanga nje mchana kutwa. Watoto walirudi na makwapa wazi wiki ya kwanza ya muhula. Mwalimu mkuu alinipigia simu mbele ya wazazi. Basi nunua uzi mpya.

Mtu wa Pwani
Samaki gani huyo anakula nyuzi? Huku kwetu changu anataka ngisi, tena mbichi. Hao wenu wamesoma mpaka wanadanganywa kwa ushonaji.

Mjomba wa Kinoo
Mleta mada, achana nao. Kabla ya mkono tuangalie chombo. Uzi ukikatika mara kwa mara kwenye hatua ileile, chukua bobini yako, kile kishikio cha uzi chenye mrija, upitishe kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kwenye mdomo wa mrija. Ikinasa, mdomo una kikwaruzo, na hicho ndicho kinachokula uzi wako polepole. Halafu ncha ya ndoana. Kwenye ndoana ndogo uzi unaigusa bila wewe kujua, unachanika nusu, unakuja kukatika mbele na wewe unadhani kosa liko mbele. Angalia pia mikono ya bobini. Ikibana sana kijiti cha uzi, ipanue nje kidogo. Bobini iweze kuning'inia bila kushuka, lakini ukiivuta itoe uzi.

Mkia kuhama ni kwa sababu uzi unapozunguka unaburuta kila kitu kwenda upande wa pili. Bana unyoya juu ya ndoana kwa kidole gumba na cha shahada. Pandisha uzi katikati ya vidole ukiwa umelegea, uvushe, ushushe upande wa pili ukiwa bado umelegea. Rudia mara moja zaidi, ndipo uvute moja kwa moja chini. Vidole visifunguke mpaka uzi umekaza. Ukikaza huku unazungusha, mkia utahama hata ukiufungia dua.

Uzi wako ni namba ngapi, na ndoana ni namba ngapi?

Kulabu16
Asante sana Mjomba. Ndoana ni 16. Uzi nadhani ni 8/0, karatasi yake ilishabanduka.

Mjomba wa Kinoo
8/0 ya kiwanda hiki si 8/0 ya kile, ndiyo maana siku hizi wengi wanakwenda kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa 16 denia 70 inatosha. Ya 140 itakujazia kichwa mpaka ufunge tundu la ndoana. Vuta kipande makusudi mpaka kikatike, mkono ujue mwisho wake uko wapi, kisha fanya kazi chini kidogo ya hapo. Mizunguko michache iliyokaza inashika kuliko mingi iliyolegea. Na unafunga nzi gani?

Kulabu16
Pheasant Tail, yule wa manyoya ya mkia wa ndege aitwaye pheasant.

Mzee wa Sagana
Kumbe! Huyo wa asili hakuwa na uzi hata kidogo. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, alimfunga kwa nyuzinyuzi za mkia wa ndege yule na waya mwembamba wa shaba, basi. Waya ndio ulikuwa uzito, ndio ulikuwa uzi.

Kulabu16
Mzee shikamoo. Mteja anataka wa uzi, kichwa kidogo, kama sampuli.

Dada wa Limuru
Hapo kwenye sampuli. Nimefunga karakanani miaka, nalipwa kwa dazani, najua mambo haya. Mteja hatoi oda kabla ya kuona sampuli. Wewe uzi unakukatikia kichwani na mkia unahama. Sampuli alifunga nani?

Kulabu16
Dada, hilo si swali la uzi.

Dada wa Limuru
Ndilo lenyewe. Na dazani ngapi?

Kulabu16
Mia moja. Nimeshachukua nusu ya pesa.

Bi Mkora
Nusu ya pesa na huwezi kufunga kichwa. Mimi napenda watu wenye imani.

Dada wa Limuru
Sampuli?

Kulabu16
Sawa. Ni za shangazi yangu. Anafanya kazi karakana fulani na huwa analeta nyumbani za kurekebisha usiku. Nilichukua chache, nikampelekea mteja niliyempata mtandaoni, mwenye duka huko Uingereza. Shangazi hajui. Lakini tuelewane: sijaiba mteja wa mtu, nimemtafuta mwenyewe. Chumba nimeshakodi, vaisi za kubania ndoana ninazo, na kuna vijana wawili nawafundisha. Nzi ni nzi, vyangu na vya shangazi vinatofautiana kichwa tu.

Ustadh Kipara
Ndugu yangu, nzi zile si za shangazi wala si zako, ni za karakana. Ndoana zao, manyoya yao. Kijana wa leo anataka kuanzia juu ya ngazi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mrudishie mzungu pesa zake, uombe radhi, uanze upya na riziki ya halali.

Kulabu16
Ustadh, pesa ziko kwenye ndoana na kodi ya chumba. Nirudishe nini?

Dada wa Limuru
"Kichwa tu." Kichwa ndicho mkaguzi wetu alikuwa anaangalia kwanza. Kikiwa kinene dazani nzima inarudi mezani na hulipwi. Halafu unafundisha vijana wawili kitu ambacho hujui?

Mpima Chai
Wakuu, mimi nimesoma toka juu kimyakimya. Hii ni chai, tena ya rangi. Mtu akae Kikuyu afunge nzi kwa uzi, mzungu aliye Uingereza alipe nusu kabla? Wazungu wameshindwa kufunga nzi wao? Shangazi, mzungu, vijana wawili, hakuna hata picha. Uzi ufungwe.

Mzee wa Sagana
Nzi wa kufunga kwa mkono wanatoka Kenya tangu enzi za mkoloni. Samaki aina ya trauti waliletwa huku mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa mto Gura kule Aberdare, na wavuvi wao walitaka nzi. Baadaye kazi ikawa ya kuuza nje. Ndoana zinatoka ng'ambo, mikono ni ya mama zetu. Kwamba hujui haimaanishi hakuna.

Mpima Chai
Mzee nakuheshimu. Biashara ipo, sawa. Mimi nasema huyu ndiye hayupo. Mjomba, mpe swali moja ambalo hawezi kugoogle haraka.

Mjomba wa Kinoo
Haya. Kulabu16, uzi umejisokota, umekuwa kamba ya duara na unakupa kichwa kinene. Unataka ulale bapa. Unaizungusha bobini upande gani?

Kulabu16
Kufuata mwendo wa saa, ukiitazama kutoka juu.

Mpima Chai
😂😂 Nimegoogle mimi. Ni KINYUME cha mwendo wa saa. Kwaheri.

Bi Mkora
Mazishi saa ngapi?

Kulabu16
Kinyume ni kwenu. Mimi natumia mkono wa kushoto. Ndoana yangu inatazama kushoto na kila mzunguko unausokota uzi kwa upande mwingine. Nilipokuwa naiga shangazi ulikuwa unazidi kukaza mpaka unajikunja vitanzi.

Mjomba wa Kinoo
Mpima Chai, rudi. Mtu wa mkono wa kulia kila akizungusha anausokota kufuata saa, ndiyo maana anaufungua kinyume chake. Wa kushoto ni kioo cha huyo. Jibu hili halipatikani kwa kusoma, linapatikana kwa kuharibu ndoana. Kijana anafunga kweli, ila vibaya.

Sasa Kulabu16, ungesema hili mwanzoni ningeandika tofauti. Mizunguko mitatu ya mwisho kabla ya kichwa, simama, acha bobini ining'inie ijifungue, uzi ulale bapa. Ndipo uzungushe kichwa. Fundo la kumalizia lizunguke mara nne au tano juu ya uzi wake wenyewe, kisha lete mkia wa uzi chini yake taratibu. Hapo ndipo wengi wanakata, kwa kuvuta kwa pupa. Tone la vanishi. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa pia.

Mpima Chai
Nimekubali la mkono. La mzungu bado.

Kulabu16
Mrejesho. Soksi ilinasa kwenye mrija. Nimeazima bobini yenye mrija wa kauri na uzi haujakatika tangu asubuhi. Mkia nao umetulia kwa ile ya kubana. Mjomba, Mungu akubariki.

Dada wa Limuru
Uzi umepona. Na kichwa?

Kulabu16
Kinapungua.

Dada wa Limuru
Dazani mia ni nzi 1,200, na mteja atalinganisha kila kimoja na cha shangazi yako. Mwambie shangazi leo, kabla karakana haijahesabu. Akikubali, yeye afunge vichwa, wewe na vijana mfunge miili, na mgawane. Asipokubali, mwandikie mteja umtumie za mkono wako achague.

Kulabu16
Nitamwambia nikishatuma dazani kumi za kwanza. Nikimwambia sasa atanifungia mlango, na vaisi mbili ni zake.

Dada wa Limuru
Vaisi pia?!

Fundi Cherehani
Samahani kuwakatisha, huo wa denia 70 unafaa kushonea vifungo vya shati?