Kutwa hapa mjini Mwanza, bweni, au Sengerema? Naomba ushauri wa matokeo

Mama Igogo
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kachaguliwa kidato cha kwanza shule ya kata hapa hapa mjini, ya kutwa. Baba yake anataka bweni la binafsi, mimi nawaza kumpeleka kwa dada yangu Sengerema, nje ya mji. Nimefungua matokeo ya kidato cha nne 2024 ya hiyo shule ya kata, naona kwa kila watoto kumi, tisa wamefaulu. Mimi naona inatosha. Nyie mnaonaje?

Mwalimu wa Hesabu
Shikamoo mama. Tisa kwa kumi ingekuwa habari kubwa enzi zile. Matokeo ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata daraja sifuri, yaani walifeli, na hata yalipopangwa upya ufaulu ulifika asilimia 43 tu. 2016 ukawa 70, 2020 karibu 86, 2024 ni 92.37. Kwa hiyo shule yako iko chini kidogo ya wastani wa taifa.

Ila usiishie hapo. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanahesabu amefaulu kila mwenye daraja la kwanza hadi la nne. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, mwisho kabisa wa daraja la nne, naye yumo kwenye hao tisa. Kidato cha tano wanataka C tatu. Angalia la kwanza mpaka la tatu: kitaifa 2024 ni kama asilimia 43.

Mama Igogo
Marahaba mwanangu. Nimerudi kuhesabu kwa kalamu. La kwanza hadi la tatu hawafiki hata mmoja kwa watano! La nne ndilo limejaa. Basi baba yake yuko sahihi?

Kijana wa Mabatini
Subiri kwanza mama. Bweni nyingi zinachuja. Kuna usaili wa kuingia, halafu asiyefikisha wastani anarudishwa darasa au anaambiwa atafute shule. Binamu yangu aliondolewa kidato cha tatu, kwenye matokeo ya ile shule jina lake halipo kabisa. Uliza waliingia wangapi kidato cha kwanza, wakafanya mtihani wangapi.

Mimi nimesoma kutwa, kwetu juu kule kwenye mawe. Natoka shule, napandisha maji ndoo tatu, mpaka wadogo zangu walale ni saa nne. Hapo ndipo nafunika ndoo, naweka daftari juu yake, nasoma kwa tochi ya simu ya mama mpaka chaji iishe. Darasani hatukuwa wajinga. Usiku ndio ulitushinda.

Mzaliwa wa Ukerewe
Na Sengerema usiione ni utulivu mtupu. Hata kwetu Ukerewe, visiwani, mtoto anaanika dagaa asubuhi kabla ya shule, na kuna mahali mwalimu wa fizikia hakuna kabisa. Walimu wanapenda mjini. Hapo Mwanza mnao, na maktaba ya mkoa ipo.

Mwalimu wa Hesabu
Kweli kabisa. Naongeza moja: hesabu kitaifa 2024 walifaulu kama robo tu, na hawa watoto wametoka darasa la saba la Kiswahili wakaangukia vitabu vya Kiingereza. Mwaka wa kwanza ndio wa kumshika mkono. Mama, nenda shuleni ukaulize nani anafundisha hesabu kidato cha kwanza, na kama madarasa yanaachwa wazi jioni watoto wajisomee. Wakikujibu vizuri, hiyo ada ya bweni itamfanyia mengi akiwa nyumbani.

Mama Igogo
Asanteni sana. Nimeongea na baba yake, tumekubaliana asome hapa hapa kwanza. Maji nitachota mimi na kaka yake. Jumatatu naenda kumwona mwalimu mkuu. Aliyewahi kununua taa ya sola pale Makoroboi aniambie bei, nataka inayokaa na moto mpaka saa tano usiku.