Mjadala: Je, tuache kusema kwamba msanii "ameteka" nyoyo za watu?

Ndugu wasomaji, wapo wanaotaka vyombo vya habari viache kabisa kulitumia neno "kuteka" kwa maana ya kushika nyoyo na usikivu wa watu, kwa sababu ndilo neno tunalolitumia kwa jamaa zetu wanaochukuliwa kwa nguvu na kupelekwa kusikojulikana. Tangu mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa jijini Dar es Salaam mnamo Oktoba 2018, na zaidi baada ya visa vya vijana kutekwa nyara nchini Kenya kufuatia maandamano ya Juni 2024, neno hili limekuwa zito masikioni mwa wengi. Uzito huo ninauheshimu, wala siwezi kumjibu kwa wepesi mzazi ambaye hadi leo hajui mwanawe alipo. Hata hivyo, sikubali kwamba neno liondolewe. Ninachokitaka ni kwamba litumike kwa kanuni.

Kwanza tuelewane kuhusu asili yake. Baadhi ya wanaolitetea husema kwamba maana hii imetokana na kuteka maji, yaani mwimbaji huchota nyoyo kama maji yanavyochotwa kisimani. Ni hoja tamu kuisikia, lakini ushahidi unaelekea kwingine. Aliyekwenda kisimani tunamwita mteka maji, hatumwiti mtekaji, na maji yaliyomo ndooni hayaitwi mateka. Kuteka nyoyo ni ndugu wa kuteka mji na kuteka nyara, na undugu huo si wa jana. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, mwanamke Msamaria anakuja "kuteka maji", Waraka kwa Waefeso unasema "aliteka mateka", na Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 10, unasema "tukiteka nyara kila fikira". Hapo kinachotekwa si mtu wala mji, ni fikira. Kwa hiyo wanaodai kwamba matumizi haya yalizuliwa na waandishi wa habari za burudani hawakutazama nyuma vya kutosha. Wala si Kiswahili pekee kilichopita njia hiyo, kwani neno la Kilatini captivus, lenye maana ya mateka, ndilo chimbuko la kitenzi cha Kifaransa captiver, ambacho leo husifia hadithi isiyomwachia msomaji nafasi ya kuwaza jambo jingine.

Neno linalopendekezwa zaidi badala yake ni "kuvutia". Ni neno zuri, ila halifanyi kazi ileile. Kuvutia ni sifa ya kitu: mandhari ya Ngorongoro yanavutia, kanga inavutia, na mimi ninayetazama ninaweza kusifu kisha nikaendelea na safari yangu. Kuteka kunaeleza hali ya mtazamaji mwenyewe, kwamba kwa muda fulani hana hiari ya kugeuza macho. Mtu aliyekaa kusikiliza utenzi ukighaniwa hadi wali ukaungua jikoni hakuvutiwa tu. "Kunasa" ni neno la mtego, nalo lafaa kwa jicho linaloshikwa mara moja likaachiwa. "Kupumbaza" na "kuzuzua" humfanya msikilizaji aonekane mjinga, jambo ambalo ni dhuluma kwake na kwa msanii pia. "Kusihiri", lililotoka katika neno la Kiarabu la uchawi, ndilo lililo karibu zaidi kimaana, na natamani lingesikika zaidi nje ya mashairi, lakini siamini kwamba msomaji wa kawaida wa gazeti atalipokea upesi.

Kwa maoni yangu, tatizo halimo katika kitenzi, limo katika yambwa yake, yaani kile kinachotajwa kuwa kimetekwa. Wahakiki wa fasihi nchini Kenya huandika kwamba anwani fulani, yaani jina la kazi ya fasihi, "inateka nadhari ya msomaji", na watangazaji wa Tanzania husema wimbo "umeteka hisia", wala hakuna anayeshtuka. Kinachoshtua ni kichwa cha habari kama "Msanii ateka mashabiki Mwanza", au kibaya zaidi, "Mwimbaji atekwa", kumbe habari yenyewe ni ya mapenzi. Basi kinachotekwa kitajwe waziwazi, kiwe nyoyo, hisia, nadhari, macho au usikivu, na mtu asiwekwe kamwe mahali hapo. "Mtekaji", "utekaji" na "ametekwa" yabaki kuwa maneno ya uhalifu. Katika hili Wakenya wametutangulia: wanapoeleza uhalifu husema kwa ukamilifu "kutekwa nyara", ilhali sisi wa Tanzania tumezoea kuikata nyara, tukabaki na kitenzi kimoja kinachobeba msiba na sifa kwa wakati uleule.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lingeweza kuwapa wahariri mwongozo mfupi wa namna hii bila kulifuta neno lolote. Nao wanaoshikilia kwamba lifutwe, naomba wanijibu jambo moja: ni kitenzi gani watakachotupa cha kueleza msikilizaji asiyeweza kujibandua, bila kumwita mjinga na bila kumtia mtegoni?