Nani anatubana zaidi, soko huria au serikali? Tuanzie kwenye kahawa

Wakuu, kijiweni hapa Moshi jamaa kakomaa kwamba mfanyabiashara akiachiwa soko atalimeza lote, dawa ni serikali ishike. Nabisha. Mfanyabiashara akikubana unamtafuta mwingine, ukikosa leo kesho atatokea maana faida haijifichi, ila serikali ikikubana yule mwingine anaitwa mlanguzi na anakamatwa na gunia lake.

Angalieni kahawa. KNCU, ushirika wa kahawa wa hapa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, chama cha wakulima wenyewe, safi kabisa, halafu mkoloni akaweka sheria kwamba Mchaga lazima auze humo humo tu, na 1937 malipo yalipokuwa kiduchu wakulima wakaliamsha, fujo mlimani, wanakipiga vita chama kilekile walichokianzisha! Tukapata uhuru, 1976 serikali ikafuta vyama vya ushirika ikaweka mamlaka ya zao, nayo mnunuzi peke yake, ushirika ukaja kurudishwa 1984 na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa miaka ya 90. Sasa mlango alikuwa anaufunga nani? Za RTC, yale maduka ya serikali ya kila mkoa, sigusi, waliopanga foleni ya sabuni wapo.

Wa Uru: Mangi umeruka kitu. Hao wanunuzi binafsi huku kwetu walikuja na pikapu mbili tatu, mizani wanaining'iniza kwenye mti, bei ileile kama wamekunywa chai pamoja, wanajua mzee anadaiwa ada, ushirika unampa malipo ya awali halafu ya pili asubiri miezi kibao, basi anauza kwa bei ya kutupa apate keshi. Hakuna sheria iliyomlazimisha pale, ni shida tu. Na Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller, 1911 ilivunjwa na nani, si Mahakama Kuu ya Marekani? Soko lilikuwa limelala?

Mleta mada: Ya pikapu nakupa, kweli tupu. Ila kwa nini ziwe tatu na sio kumi? Leseni, vibali, ushuru wa halmashauri, mwenye mtaji mdogo anakata tamaa akiwa bado anazungushwa maofisini. Standard Oil nayo, kabla hukumu haijatoka ilishaanza kupunguziwa soko maana Texas mafuta yalishabubujika tangu 1901 na kampuni mpya zikajaa. Halafu mfanyabiashara akizidi, Tume ya Ushindani ipo, sheria yake ya 2003, inamwita ajieleze. Sasa umeme wa gridi wa serikali ukikuudhi, utahamia nguzo za nani?

Wa Ngaramtoni: Mimi nilishahamia sola aisee, sema betri nimezunguka maduka ya Arusha mjini yote bei moja, hata mia haipungui, na hapo hakuna sheria wala kibali, wenyewe tu wanapigiana simu. Hao nao niwashtakie nani, hiyo Tume itakuja kukaa stendi na mimi tuulize bei ya betri?