Tupeane uzoefu: umebadilisha klachi ya feni ya lori na bado shida iko palepale, kumbe ilikuwa nini?

Mzee wa Tela
Wakuu habari za njia. Naleta hili maana kila nikikaa na madereva pale Ruaha Mbuyuni kabla ya kupandisha mlima Kitonga nasikia hadithi ileile, mtu kafunga klachi mpya ya feni (ile inayoishika na kuiachia feni ya kupoza injini), mkanda mpya, wota pampu juu, hela imeisha, halafu gari bado linachemsha au feni inavuma bila kupumzika. Naanza na ya kwangu. Gari ni Scania, klachi yake inaendeshwa kwa umeme, ina plagi. Ya zamani ilishaanza kuvujisha oili yake ya silikoni, ile inayoifanya ishike, nikabadilishiwa gereji moja Dar, kutoka tu getini feni inanguruma kama ndege inataka kuruka, asubuhi injini baridi inanguruma, usiku inanguruma, geji ya joto haifiki hata katikati. Fundi anasema klachi mpya ndivyo zilivyo, itazoea. Itazoea nini sasa? Dizeli ilikuwa inakwenda mpaka bosi anapiga simu kuuliza kama nauza njiani. Nikampata fundi umeme Mafinga, hakushika hata spana, akafuata waya wa klachi kwa mkono akakuta hawakuubana na klipu, umesuguliwa na mkanda mpaka umekatika. Klachi za umeme nyingi zimetengenezwa hivyo, ikikosa amri ya kompyuta ya injini inashika moja kwa moja, bora ipoze kupita kiasi kuliko injini iungue. Kwa hiyo klachi ilikuwa nzima kabisa. Haya, za kwenu zilikuwaje?

Kichwa Kirefu
Mkuu yangu inafanana ila ni ya upepo. Naendesha Freightliner njia ya Lubumbashi, klachi yake inashikwa na springi na kuachiwa na upepo, maana yake upepo ukikosekana feni inazunguka tu. Tukafunga seti mpya ya sili, feni haizimi. Watu wazima tumeinama chini ya boneti tunasikiliza upepo unavuja wapi, hakuna kinachovuja. Kumbe kuna mtu alichomoa plagi ya swichi ya presha ya AC, ile iliyo kwenye bomba la gesi, kwa vile AC ya kebini ilishakufa zamani akaona haina kazi. Sasa kwenye hii gari kompyuta ikiona ile swichi iko wazi, yaani umeme haupiti, inajua presha ya gesi imepanda, inaamuru feni iwake. Tukairudishia plagi, feni kimya. Kabla hujafungua klachi tena uliza kwanza nani anaiamuru.

Tipa la Mchanga
Mbona mnajisumbua, sisi la kwetu tumepiga bolti klachi ikawa direkti, halijachemsha mpaka leo 😂

Mzee wa Tela
Kaka kwa tipa la kuzunguka Boko na Bunju sawa, endelea. Ila feni ya injini kubwa ikishika yote inaweza kula nguvu ya farasi 40 na zaidi. Mlimani utaihitaji, lakini kwenye tambarare unailisha dizeli bure. Na kama feni yenu imekaa kwenye wota pampu, beringi itakudai siku moja.

Wa Timboroa
Wasee, huku Kenya yetu ilikuwa Isuzu FRR, klachi ya kawaida isiyo na waya, ile yenye kibati mbele kinachosikia joto la hewa ya rejeta. Imebadilishwa vizuri tu, lakini tukitoka Eldoret na mahindi tukianza kupanda Timboroa mshale wa joto unapanda na sisi. Mekanika mmoja mzee akashika karatasi mbele ya grili injini ikiwa moto na inavuta, karatasi ikaanguka chini badala ya kuganda kwenye grili. Feni ilikuwa imegeuzwa, uso wa nyuma uko mbele. Watu hudhani ukigeuza feni itapuliza upande ule mwingine, la, inavuta upande uleule ila kivivu, ndio maana si rahisi kugundua. Tena ile plastiki inayozunguka feni waliiacha nje eti imepasuka, sasa feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwa rejeta. Na kule juu maji huchemka mapema kuliko Mombasa, kwa hivyo kofia ya rejeta ikiwa haishiki presha hapo ndipo utajua.

Mama Fuso
Mimi sijui spana, najua risiti. Fuso langu linabeba pamba kutoka Shinyanga, likawa linachemsha kupanda mlima Sekenke. Bili ya klachi ya feni, nikalipa, likachemsha. Bili ya thamostati (ile vali inayofungua njia ya maji yakipata moto), wakaitoa bila kuweka nyingine, likachemsha ZAIDI. Kijana mmoja akanieleza kwamba kwenye injini nyingi thamostati ndiyo inayoziba ile njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji mengi yanazunguka humohumo kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikarudishwa. Mwisho wakafungua intakula (kile kipoza hewa ya injini) iliyo mbele ya rejeta, katikati ya hivyo viwili kumejaa nyuzi za pamba na vumbi limeganda, na kwa mbele ukichungulia unaona safi kabisa! Wakaosha kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje, basi. Sasa mniambie hela ya klachi namdai nani?

Duka Gerezani
Mama hiyo klachi ya zamani kama ipo usiitupe. Ifungeni mjaribu, injini imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono, ikiwa na uzito kidogo ni dalili nzuri, ikizunguka yenyewe raundi nyingi oili imekwisha. Shika ncha ya panga la feni utikise, isicheze mbele na nyuma. Stoo iwekwe imesimama kama inavyokaa kwenye gari, ukiilaza siku nyingi oili inaweza kutoka, na mnaponunua muangalie hilo maana madukani zinalazwa sana. Halafu zile zisizo na waya kunguruma asubuhi dakika moja mbili kisha zikatulia ni kawaida, oili imelala sehemu moja usiku kucha, msiturudishie kwa sababu hiyo jamani tunagombana bure.

Dogo wa Tunduma
Mimi nikishuka mlima na breki ya injini feni inawaka na geji iko chini kabisa, nibadilishe sensa ya joto?

Kichwa Kirefu
Injini gani dogo? Kama ni Detroit subiri kwanza, kompyuta yake inaweza kupangwa iwashe feni ukiweka breki ya injini hatua ya juu, feni nayo inasaidia kulizuia gari. Ukiachia breki feni ikazima, hakuna ugonjwa hapo. Isipozima anza na waya na upepo, sensa baadaye.